Mbuzi wa Akeno Hawahesabiwi

Jelagat, mchumi wa kilimo mwenye shahada mbili, alikuwa na hasira za kumeza mtu. Mkuu wake pale Lodwar, Bwana Kipchumba, alikuwa ametuma ripoti Nairobi kwamba wafugaji wa Kakuma hawana mifugo ya kutosha kuwekewa mnada. Jina la Jelagat lilikuwa kwenye jalada.

Na takwimu zilikuwa zake kweli, hapo ndipo palipomuuma. Mwaka mzima wa 1996 alizunguka maboma ya wafugaji na fomu akiuliza kila mtu ana mbuzi wangapi. Wachache tu, wakamjibu, na yeye akaandika. Akeno, mama aliyekuja kambini kubadilisha maziwa kwa mahindi ya wakimbizi, ndiye aliyemfumbua macho: mnyama aliye hai hatajwi kwa idadi, huko ni kumwitia kifo.

"Wewe uliza rangi," Akeno akamwambia. "Nitakutajia wote."

Akawataja mmoja mmoja, kwa madoa na pembe, mpaka daftari likajaa. Jelagat alitamani kujizaba kofi. Mwiko huo aliujua tangu utoto! Kule Keiyo, baba yake hakuwahi kutamka idadi ya ng'ombe wake mbele ya mgeni. Ni madalali waliompunja mzee huyo waliomfanya Jelagat asomee masoko ya mifugo. Chuoni akapewa fomu, akasahau kwao.

Alirudi Lodwar mbio na daftari lake. Kipchumba hakulifungua hata. Alisema rangi za mbuzi si takwimu, na ripoti imeshakwenda.

"Na mzee wako kule nyumbani," Jelagat akamuuliza, "ng'ombe wake huwa anawahesabu?"

Kipchumba naye alikuwa mtoto wa mfugaji. Alijua, mtu yule, alijua vizuri kabisa. Lakini akamwambia afunge mlango akitoka.

Mnada haukuja. Mvua nazo zikakosekana, na wenye mbuzi wakabaki nao wakikonda, pasipo pa kuwauza. Jelagat alipofika tena Kakuma, mizoga ilikuwa imetapakaa kando ya laga, ule mto uliokauka, na Akeno amesimama katikati yake. Jelagat akamsalimu kwa lugha ya kwao, ejok. 

"Fomu yako iko wapi?" Akeno akauliza. "Hawa wamekufa. Sasa hesabu."

Jelagat akatoa fomu kwenye mkoba, akainama, akaanza na mbuzi wa madoa.