Kulala Rugenge, Kukaa Sange

Juma lililopita nilihudhuria mkutano wa wateja wa maji pale Rugenge, nikifuata soda tulizoahidiwa. Injinia alitandika ramani mezani, akauliza tungependa robine, yaani mabomba ya kuchotea maji, ziwekwe wapi miaka ishirini ijayo. Watu wakaangua kicheko. Asubuhi ile ile bunduki zilikuwa zimelia mlimani, naye anatuuliza habari za miaka ishirini!

Mama mmoja aliyekimbia vita Sange, akapewa chumba na jirani wa hapo, hakucheka.

"Munitilie robine yangu Sange, pembeni ya kanisa."

"Mama, sema fasi unakaa," injinia akamwambia. "Si weye uko Rugenge?"

"Hapa minye niko nalala tu. Kukaa, niko nakaa Sange."

"Njo vile, injinia!" akadakia jirani aliyempa chumba. "Akirudia kwake nitaenda kumutembelea. Nitakunywa maji gani?"

Injinia akajikuna kichwa. "Lakini mama, ramani yangu inaishia hapa."

"Ongeza karatasi."

Injinia akamtazama, kisha akabandika karatasi nyeupe upande wa kaskazini, iliko Sange, na kumpa kalamu. Mama akachora barabara, kanisa, robine, na nyumba yake iliyochomwa. Aliichora ikiwa na paa.

Soda zilipofika, kila mkimbizi aliyekuwa mkutanoni alikuwa anadai karatasi ya kwao, na hakuna aliyeicheka tena ile miaka ishirini. Hata mimi, niliyelala miji mingi na kukaa michache, nilipanga mstari kungoja karatasi yangu. Soda niliisahau kabisa, na mnaonijua mtaelewa uzito wa jambo hilo.