Alama ya Kijani Ilinidanganya, Nikafuta Gusaba ya Evelyne

Kosa ni langu. Naanza hapo ili mtu asiseme nimekwepa. Jina langu sitalitaja, maana Kanyosha nzima, mtaa wangu, itanicheka mara ya pili. Lakini la Désiré nitalitaja, na la Jean-Bosco pia. Wao walinisukuma, mimi nikaanguka.

Mimi ni mtu wa kamera. Nina studio ya mlango mmoja, na pazia la buluu la kupigia picha za pasipoti. Shule niliachia mwaka wa sita, halafu vita ikaja ikamaliza hata kile kidogo nilichokuwa nimeshika. Nilipona. Nilitoka na kaptura na kiatu kimoja, na picha ya wazazi wangu sina hata moja. Ndiyo maana nilishika kazi hii, ili watu wengine wabaki na kitu. Usinionee huruma bado! Soma kwanza nilichofanya.

Désiré ni mdogo wa mke wangu. Alikaa Ubelgiji miaka michache, akarudi na kompyuta nyembamba kama sahani na shingo imenyooka. Siku ya kwanza aliingia studio akaangalia mashini yangu, ile nyeusi yenye feni.

"Shemeji, hii ni kompyuta ao ni jenereta?"

"Inapiga kelele lakini inafanya kazi. Yako inakula nini, saladi?"

Alicheka, akavuta kiti. Akanieleza habari ya wingu, kwamba kuna mahali kwenye internet ambapo kompyuta mbili zinaweza kushika dosye moja, yaani folda.

"Tunaiita Harusi. Chochote we unatia mule, mi nakiona kwangu. We unakata hapa, mi naremba nyumbani. Kubeba flashi mufukoni, apana tena."

"Na nitajuaje kama imefika?"

"Kuna alama ya kijani. Ukiiona, imefika. We lala tu."

Lala! Ndivyo alivyosema, kwa kinywa chake. Désiré, kama unasoma hapa, usikatae.

Kitu ambacho hakuniambia ni mega, lile bando la internet. Video za gusaba moja zinameza mega za mwezi mzima. Na sisi watu wa hapa tunajua kubana mega, unafungua internet, unasoma ujumbe, unafunga haraka kama mtu anayefunga mlango mbuzi asitoke. Mimi nimwage mega zote hizo juu ya wazee wawili wanaosemeshana? Hapana.

Kwa asiyejua, gusaba ni siku familia ya kijana inakuja kwa kina msichana kumwomba. Kila upande unaweka mzee wa kuusemea. Wanatupiana maneno, wanajifanya hawajuani, wanacheza na akili, watu wanacheka mpaka bia inawapalia. Hakuna anayeandika maneno hayo. Yanatoka siku ile, basi.

Gusaba ya Evelyne ilikuwa na jambo lingine. Mama yake amepooza upande mmoja, anakaa Ruziba, kule chini karibu na ziwa. Sherehe ilifanyika Kanyosha kwa mzee Raphaël, kaka yake mama huyo, maana ndiye mwenye uwanja mkubwa. Gari la kumleta mama lilitafutwa tangu asubuhi. Magari yote yalikuwa kwenye foleni ya mafuta. Akabaki kitandani.

Alinipigia simu kabla ya wageni kufika. "Baba, mi sitafika. Leo macho yangu ni we. Usinifumbie."

"Mama, hata kupepesa sitapepesa."

Na nilifanya kazi vizuri, hilo naliapia. Evelyne alipotolewa nje, amefungwa vitambaa vyake vya sherehe, hakwenda kukaa. Alikuja mpaka mbele ya kamera yangu, akainama, akaanza kumsemesha mama yake kwa sauti ya chini. Watu walikuwa wanapiga vigelegele, hakuna aliyesikia. Mimi peke yangu nilikuwa na vidude vya kusikilizia masikioni. Alisema maneno mengi. Akafuta macho, akaenda kukaa.

Video ile mama aliingoja kwa sababu hiyo. Evelyne alimwambia kwa simu, "Kuna kitu nimekuambia mule ndani, utakisikia." Alikataa kusema ni nini.

Sasa kosa lenyewe. Kwenye mashini yangu, video zinakaa kwenye disiki ya pili, inaitwa D. Disiki hiyo aliniuzia Jean-Bosco wa sokoni, akiapa kwa mama yake kwamba nitazeeka haijajaa. Ilijaa kabla hata ya msimu wa harusi kuisha. Jean-Bosco, msalimie mama yako.

Nikajifanya mjanja. Badala ya kutia video zenyewe kwenye dosye ya Harusi, nilitengeneza kile kipicha kidogo chenye mshale, kile ambacho ukikibonyeza kinakupeleka kwenye video. Nikakitia hicho. Alama ya kijani ikatokea kabla sijakohoa. Nikabonyeza, video zote hizi hapa! Nikasema, loo, huo ndiyo ujanja! Gusaba nzima imepanda juu na mega sijazigusa! Nilijisifu mbele ya mke wangu. Kadi za kamera nikazisafisha papo hapo.

Siku ya pili Désiré akapiga simu.

"Shemeji, mule mu dosye naona kitu kimoja tu, na hakifunguki. Kompyuta inasema njia haipatikani. Inatafuta D."

"Si uipatie D?"

"Mi sina D. Kompyuta ya aina yangu haipangi vitu vyake hivyo. Hiyo njia ni ya kwako tu, kwangu haifiki popote. Una hakika ulitia video zenyewe?"

"Désiré, kwangu inafunguka, na kijani iko. Kompyuta yako ina maringo kama mwenyewe."

"Haya, bon. Nitapita nione."

Hakupita! Ndipo ninapomshitaki. Ati mafuta hakuna. Mtu aliyefika Ubelgiji anashindwa kufika Kanyosha! Lakini mimi nimshitaki kwa lipi, wakati alikuwa ameshaniambia na mimi nilikuwa nimeshamcheka?

Ijumaa nilikuwa na harusi nyingine ya kesho yake, na D haikuwa na nafasi hata ya kuweka picha ya kuku. Nikaangalia alama. Kijani, kama majani ya muhogo. Nikafuta video zote za Evelyne, nikamwaga na pipa la taka. Jumamosi nikapiga harusi, nikaijaza humo. Jumapili baada ya misa nikakaa nianze kukata gusaba ya Evelyne. Nikabonyeza kile kipicha.

Hakuna. Nikabonyeza tena, nikazima mashini, nikawasha, nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Yampayinka!

Nilimpigia Désiré, akaja siku hiyohiyo, kwa miguu, shati limelowa. Kumbe inawezekana! Akaangalia, akakaa chini polepole.

"Shemeji, ulituma adresi ya nyumba. Nyumba yenyewe uliiacha hapa. Halafu ukaibomoa."

"Lakini kijani..."

"Kijani ilisema adresi imefika. Na ilifika kweli. Haikudanganya."

Alijaribu programu ya kufukua vitu vilivyofutwa. Harusi ya Jumamosi ilikuwa imelala juu ya kila kitu. Akafukua, akafukua, akapata kipande kifupi cha mjomba mmoja anakula brosheti, mshikaki wa nyama. Ndicho kilichobaki cha gusaba nzima. Mjomba na brosheti yake!

Hapo ningesema ukweli, leo nisingeandika haya. Sikusema. Mama akapiga simu.

"Baba, macho yangu yako wapi?"

"Video iko kwenye wingu, Mama. Inashuka polepole. Unajua internet yetu."

"Wingu gani hilo? Hapa Ruziba ni jua tupu."

Akacheka, mimi nikacheka naye. Nikacheka! Na wiki iliyofuata nikamwambia vilevile, na iliyofuata tena. Nilijifunza kudanganya kama mtu anayejifunza gari, siku ya kwanza unatoka jasho, baadaye unaendesha huku unaongea.

Halafu akanitumia ndagala, vile visamaki vya ziwani. Zimekaushwa vizuri, zimefungwa kwenye kitambaa, Evelyne ndiye aliyezileta. "Mama anasema ule, upate nguvu ya kungojea hilo wingu."

Nilizila. Zote. Mke wangu alikataa hata kuonja. Alikaa upande wa pili wa meza ananiangalia natafuna. "Kula, baba," akaniambia. "Kula ya mama wa watu vizuri, usiache hata kichwa." Usiku huo tumbo halikuuma, kilichouma sikijui jina.

Kesho yake nikamchukua Désiré, tukapanda tuktuk, tukaenda Ruziba. Mama alikuwa ameegemezwa mito karibu na dirisha. Nilisema yote. Kipicha, mshale, D, kijani, uongo. Désiré aliongeza pale nilipokwama, na wakati mwingine pale ambapo sikukwama.

"Kwa hiyo haiko kwenye wingu."

"Haiko, Mama. Haijawahi kuwa."

"Na ndagala zangu?"

"Nilikula."

"Zilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana, Mama."

"Basi kuna kitu kimoja kilifika."

Désiré akageukia ukuta, mabega yanamcheza. Mimi nililia. Mama akasema nisilie juu ya shuka lake, limefuliwa jana.

Halafu akatoa hukumu. Gusaba irudiwe, hapo kwake, mbele yake.

Mzee Raphaël alipandisha hasira! "Dada, kitu hiki hakirudiwi. Mutoto alishatolewa. Wakwe wameshakunywa. Tukirudia, ni kusema ile ya kwanza ilikuwa mchezo."

"Kwangu ile ya kwanza haikuwako," mama akajibu. "Ao unataka mi niishie kusikia ya mjomba wa brosheti?"

Mzee alibishana mpaka chai ikapoa. Akashindwa. Wakwe nao walikubali, nadhani kwa ajili ya kunywa tena. Vinywaji nilivileta mimi. Kamera nilikatazwa. Nilipewa kazi ya kubeba makreti, na kila aliyepita aliniuliza kama bia zenyewe zimekuja ao ni adresi yake tu. Hilo la adresi Désiré alikuwa ameshalitangaza.

Mama aliwekwa kwenye kiti barazani. Mzee Gérard, msemaji wa upande wa kijana, akasimama, akasafisha koo. "Sisi ni wapita njia. Tumeona moshi wa nyumba hii, tukasema, penye moshi mzuri namna hii hapakosi mpishi..."

Kwa desturi anajibu mzee wa upande wa msichana. Mzee Raphaël akafungua kinywa. Mama akamtangulia.

"Moshi ni wa jirani. Pita."

Uwanja mzima ulipasuka! Mzee Gérard alibaki na mkono hewani. Haijaonekana mama wa msichana kujibu mwenyewe. Lakini nani atamnyamazisha? Akamwita Fabrice, kijana mwenyewe, asimame mbele yake.

"We mutoto mwembamba. Siku Evelyne atakuwa kama mi, mguu haunyanyuki, utafanya nini?"

"Nitamubeba, Mama."

"Beba sasa, nione."

Fabrice akamwinua Evelyne, na vitambaa vyote. Akayumba, akagonga kreti, watu wakapiga kelele, akafika barazani anapumua kama mbuzi wa mlimani. Mama akamtazama juu mpaka chini.

"Bado unahitaji kula. Lakini hukuanguka. Muchukue."

Nilicheka, jamani. Nilifikiri yameisha. Nilifikiri nimesamehewa na deni limelipwa, na bado kidogo nijisifu kwamba ya pili ilishinda ya kwanza.

Watu walipoanza kuondoka, mama alimshika Evelyne mkono. "Sasa niambie yale uliyoyasema mu kamera."

Evelyne akainamisha kichwa. "Siwezi, Mama. Niliyasema kwa kamera kwa sababu kwako hayatoki."

"Hata kidogo?"

Akatikisa kichwa, machozi yakamjaa, akakimbilia ndani.

Ndipo mama akanigeukia. Hakuwa anatania tena. "We ulisikia. Ni we peke yako. Alisema nini?"

Nikafungua kinywa. Na nikagundua jambo ambalo sijalisema hata kwa mke wangu. Siku ile, Evelyne anaongea masikioni mwangu, mimi nilikuwa naangalia betri. Kitaa chekundu kilikuwa kinawaka. Nilijiambia maneno nitayasikia nyumbani, si yanaingia humo? Kilichonibakia ni sentensi moja tu, ya mwanzo.

"Alisema... alisema, 'Mama, kiti chako nimekiacha wazi.'"

"Halafu?"

Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye kiti, ule upande wake mzima umenielekea.

"Halafu nini, baba?"

Nilimrudia ile moja. Akaniomba tena, nikairudia, akafumba macho kuisikiliza.

We unayesoma hii na una dosye yako huko juu, mwenzako akikuambia kwake haifunguki, usimtanie. Toka, nenda kwake hata kwa miguu, ifungue kwenye kompyuta yake, ona kwa macho yako, na hata hapo usifute bado. Na kama umeshika kamera na mtoto anamsemesha mama yake, betri iache ife. Sikiliza. Sikiliza mpaka neno la mwisho, maana huenda siku moja utaulizwa wewe.