Siku Fundi Twalibu Alipoambiwa Asisimame

Fundi Twalibu alikuwa hapendi matope, na Kibondo, mvua zikianza, matope hayakuulizi kama unayapenda. Alitoka nyumbani pekupeku, viatu vikiwa kwenye mfuko wa nailoni. Akifika dukani ananawa miguu kwa kopo, anajifuta kidole kimoja kimoja, ndipo anavaa. Wateja walisubiri. Walijua suti ya Twalibu haitoki na doa, na mabwana harusi wa Kibondo hadi Kakonko walikuwa wakimtafuta yeye.

Rafiki zake wawili walikuwa na ugonjwa wa kinyume. Venanti, mwenye mashine ya kusaga, alinunua Landrova kuukuu kwenye mnada, na kila Jumamosi ya mvua yeye na Hamis, muuza vipuri vya baiskeli, walitafuta njia mbovu kuliko zote. Hawakuwa wakienda kokote. Walikuwa wakienda kukwama. Walichimba, wakasukuma, wakarudi jioni wekundu kama matofali, wakicheka. Kila wakimwalika Twalibu aliwajibu, "Siku nikipata wazimu nitawaambia."

Siku yenyewe ilifika Machi 2014. Asubuhi simu ililia. Alikuwa Niyubahwe, kijana wa Mabamba aliyekuwa anaoa siku hiyo.

"Fundi, magari hayapiti! Bodaboda wamekataa kuja kuchukua suti. Misa saa saba, na mimi hapa nimevaa kaptula!"

Twalibu aliitazama suti iliyoning'inia ukutani, nyeusi, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Nje, Landrova ilikuwa ikinguruma, Hamis akipakia makoleo.

"Mnaelekea wapi leo?" akauliza.

"Popote palipoharibika," Venanti akajibu.

"Mabamba pameharibika sana."

Akapanda na shati lake jeupe, suti akiikumbatia kama mtoto mchanga.

Mpaka katikati ya safari mambo yalikwenda vizuri, yaani gari liliteleza kiubavu na Hamis akapiga vigelegele. Kisha wakashuka bonde moja, Landrova ikatumbukia mpaka tumboni. Venanti na Hamis walichimba. Wakatandika magogo na migomba chini ya magurudumu. Hamis akasukuma huku Venanti akikanyaga mafuta. Wapi!

"Fundi, shuka tusukume."

"Nikishuka, suti itashikwa na nani?"

Venanti alijifuta uso, akazidi kujipaka. "Basi kaa kwenye usukani, sisi tusukume wawili."

"Sijawahi kuendesha hata baiskeli!"

"Cherehani je? Miguu ni ileile." Akamwekea gia, akamwonyesha. "Huu wa kushoto achia polepole, wa kulia kanyaga. Likitoka usisimame. Ukisimama tu, limezama tena. Umesikia? Usisimame!"

Twalibu akailaza suti kwenye kiti cha pembeni, akasoma bismillahi, akaachia, akakanyaga. Matope yaliruka nyuma. Hamis, aliyekuwa amefungua kinywa kuhesabu "mbili, tatu," hakufika tatu. Landrova ikatikisika, ikajinyanyua, ikatoka! Wale wawili wakakumbatiana kwa furaha. Walipogeuka, gari lilikuwa linapanda mlima.

"Fundi! Tungoje!"

Twalibu aliwaona kwenye kioo wakipunga mikono, akadhani wanamshangilia. Isitoshe, aliambiwa asisimame, na namna ya kusimama hakuambiwa.

Gari lilikwenda kwa mwendo wa baiskeli, likinguruma kama lori zima. Alisoma dua zote alizozijua, akazirudia. Alikutana na ng'ombe, akatafuta honi, akawasha vifuta vioo. Ng'ombe wakapisha hivyohivyo. Kona moja ilimshinda, akapita katikati ya shamba la mihogo, akamwomba radhi mwenye shamba kwa sauti, akaibukia barabarani upande wa pili. Hapo ndipo hofu ilipomtoka. Aligeuza usukani kidogo, na lile lidude likageuka. Akageuza tena. Likamtii. Akajikuta anacheka peke yake.

Mabamba, wanakwaya walikuwa wamejipanga mbele ya kanisa. Waliruka huku na huku. Twalibu akabana breki kwa miguu yote miwili, gari likashtuka, likazimika.

"Imana ishimwe! Mungu asifiwe!" Immakulata, mama wa bwana harusi, alikuja mbio. "Fundi, umekuja! Dereva wako yuko wapi?"

"Ni mimi, mama," alisema Twalibu, na maneno hayo yalimkaa vizuri mdomoni.

Niyubahwe alivalia suti nyuma ya kanisa, ikamkaa sawasawa, misa ikaanza.

Venanti na Hamis walifika kwa miguu watu wakiwa wanakula. Mlangoni pa turubai mpokea wageni aliwazuia.

"Vibarua chakula chao kiko jikoni."

"Kibarua nani? Lile gari ni langu!" Venanti akafoka.

"La fundi lile. Sote tumemwona akija nalo."

Wakala ndizi na nyama nyuma ya masufuria. Twalibu alikuwa meza kuu, karibu na padri.

Wakati wa kurudi Venanti alinyoosha mkono apewe ufunguo. "Nilisema usisimame mpaka pakavu, si mpaka Mabamba!"

"Pakavu hukupataja," Twalibu akasema, huku amekwisha kaa kwenye usukani. "Naomba mpaka bondeni tu."

Bondeni alikwama yeye mwenyewe, vizuri kabisa. Akavua shati na viatu, akachukua koleo la Hamis, akaingia. Alichimba mpaka nyusi zikapotea.

Jua lilikuwa linazama alipobisha hodi kwake. Mkewe, Yasmini, alifungua mlango nusu.

"Fundi hayupo, amekwenda Mabamba. Njoo Jumatatu."

"Yasmini, ni mimi."

"Mimi nani?"

Alipomtambua alicheka mpaka akakaa kizingitini. Kisha akamsimamisha uani, akaanza kummwagia maji, ndoo baada ya ndoo, na Twalibu chini ya maji akimsimulia kona moja baada ya nyingine, mpaka Yasmini akauliza kama Landrova ya Venanti ina nafasi ya mtu wa nne.