Nilimpandisha uncle cheo awe lieutenant, nikajuta

Wakuu, salamu kutoka Makueni. Sitaongeza chumvi, hii stori iko na aibu ya kutosha.

Niko Form Three. Juzi kwa library nilipata dictionary nzee imetoka kava, nikasoma neno lieutenant. Kumbe ni ya Wafaransa: lieu ni mahali, tenant ni mwenye kushika. Yaani mtu anayeshika nafasi ya mkubwa wake akiwa hayuko.

Nikajiona professor.

Ijumaa mwalimu wa hesabu akatoka kidogo. Nikapanda juu ya dawati, nikajipea cheo cha General, deskmate akawa lieutenant. Darasa nzima ikapiga saluti, halafu kimya. Mimi nikadhani ni heshima.

Mwalimu alikuwa nyuma yangu.

"General, Jumatatu ukuje na baba yako."

Sasa baba yangu ni deacon, na ndengu imekauka shambani inangoja mikono ya kuvuna. Alikuwa ameniahidi trip ya shule ya kwenda Mombasa. Akisikia hii, trip imeenda.

Nikakimbia Kathonzweni kwa uncle, ndugu ya mama, sergeant mstaafu. Nikamweleza shida yangu, nikampea na ile etymology yote ya lieutenant.

"So Jumatatu wewe shika nafasi ya baba. Nimekupandisha cheo."

Alicheka mpaka mbuzi zake zikashtuka. "Hawa vijana wa lieutenant nimewapigia saluti miaka yote, na leo nimekuwa mmoja wao! Sawa, kijana."

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Jumapili baba hata aliniongezea nyama. Nikala nikimhurumia vile hajui kitu.

Jumatatu uncle akafika kwa gate ya shule, viatu zinang'aa, medali kwa koti.

Na baba kando yake.

"Uncle, si tulielewana?"

"Tulielewana kabisa. Lakini lieutenant hashiki nafasi bila order ya mwenye nafasi. Nilimpigia simu Ijumaa, hata hukuwa umefika barabarani."

Baba hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Nyama ilikuwa tamu?"

Wenzangu saa hii wanapost picha wakiwa kwa beach. Mimi naandika hii nikiwa katikati ya ndengu, mgongo umekataa kunyooka.

Nimejifunza hivi: kujua neno limetoka wapi si kujua vile linafanya kazi. Na sergeant akikucheka, usidhani amekubali.

Kuna mwenye amewahi peleka mzazi wa kuazima shule ikaenda poa? Niambieni mlifanya aje. Wa kucheka pia wakaribie, nimezoea.