Je, Jaji Aendelee na Kazi?

Mdogo wangu anaishi Amerika, katika jimbo moja la katikati lenye mahindi mengi na baridi ya kukata masikio. Mimi niko Sydney, huku Minto, katika nyumba ya matofali karibu na reli. Tulitoka kambi moja ya wakimbizi, kila mmoja akapelekwa alikopangiwa. Ananiita yaya, ndivyo sisi Wakongo tunavyomwita dada mkubwa, na ukubwa huo niliwahi kuutumia vibaya sana.

Mwanawe wa kwanza, akiwa na miaka kumi na tisa, aliwaendesha rafiki zake wawili hadi dukani. Wao waliingia na bastola, yeye akabaki kwenye usukani. Jaji alimpa miaka kumi na miwili. Wakili wa mtoto akaandika ombi kwamba jaji yuleyule aitazame upya adhabu hiyo, apunguze. Kisha corona ikafunga mahakama, na ombi likalala mezani.

Hapo ndipo ilipofika bahasha. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa corona na kwao ulikuwa mwaka wa uchaguzi, kwa hiyo karatasi za kura zilitumwa majumbani. Mdogo wangu alikuwa raia mpya, hajawahi kupiga kura maishani mwake, na Kiingereza cha kusoma kinampiga chenga mpaka leo. Alinipigia video wakati wa mapumziko yangu ya saa nne asubuhi, kwenye ghala ninalofanyia kazi, Ingleburn. Kwao ilikuwa bado jioni ya jana yake. Nilikuwa nimekaa juu ya kreti, barakoa nimeiteremsha kidevuni.

"Yaya, nisomee hii," akasema, akaelekeza simu kwenye karatasi.

Mbele kulikuwa na rais na wakubwa wengine. Nyuma kulikuwa na majaji. Nikasoma majina, na la nne nikalitambua: ni yeye, jaji wa mwanetu. Chini yake swali moja: je, jaji huyu aendelee na kazi? Ndiyo, au hapana.

"Mpinzani wake nani?" nikauliza.

"Hakuna. Iko yeye peke yake."

Baadaye ndiyo nilikuja kuelewa utaratibu wao. Gavana humteua jaji kutoka majina yaliyochujwa na kamati. Akishakaa kitini, kila baada ya miaka kadhaa wananchi huulizwa abaki au aondoke, basi. Hashindani na mtu. Wakimkataa, gavana hutafuta mwingine.

"Juu ya nini wananiuliza mimi?" mdogo wangu akasema. "Mimi mama wa mfungwa!"

Kwetu swali la namna hiyo tunalijua. Baba alitusimulia mara nyingi kura za ujana wake: karatasi mbili, ya kijani ya kusema ndiyo, nyekundu ya kusema hapana, na askari amesimama anatazama umeshika ipi. Jirani yake mmoja alichukua nyekundu. Hadithi hiyo baba hakuimalizia hata siku moja.

"Halafu, yaya, hapa juu ya bahasha wanataka nitie saini. Na jina langu."

"Unaona?" nikamwambia. "Wanataka kujua nani kasema nini. Tia ndiyo."

Nikamwona anapangusa macho kwa kitambaa cha kichwa. "Lakini moyo wangu unasema hapana. Alinichukulia mutoto, hata usoni hakunitazama."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. "Moyo wako umesomea sheria wapi?" nilimfokea, wenzangu wakageuka. "Ombi liko mezani kwake! Unataka mtoto atoke, ama unataka kujifurahisha? Mkono usioweza kuukata, ubusu!"

Akatia ndiyo, nikimwona kwenye simu. Hakuishia hapo, maana nilimwambia kura moja ni punje tu. Akawapigia simu akina mama wa kanisa lao, wale waliokwisha kuwa raia, akawabembeleza mmoja mmoja wamtilie jaji ndiyo kwa ajili ya mwanawe. Jumamosi moja walikuja akina mama wengine mlangoni pake, weusi wa hukohuko, wamevaa barakoa. Watoto wao pia walifungwa na jaji huyo, na walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kuomba watu waseme hapana. Aliwajibu dirishani kwamba ana corona.

Jaji akapita. Siku hiyo nilipika sombe, majani yetu ya muhogo, nikaimba jikoni. Wallahi niliimba, na mimi wala si Mwislamu.

Wiki chache baadaye nilimuuliza msimamizi wangu, mzee Mwaustralia, huku majaji tunawapigia kura lini, kwa sababu mpaka hapo nilikuwa nimepiga kura mbili tu, zote kwa kuogopa faini ya asiyepiga, na sikumbuki kuona jaji. Akacheka mpaka akakohoa, na siku hizo ukikohoa watu wanakukimbia. Huku, akasema, serikali inawateua, wanakaa mpaka umri wa kustaafu, na wewe huulizwi chochote. Nikamweleza habari ya bahasha yenye saini.

"Aa, saini hiyo ni ya bahasha ya nje tu," akasema. "Hata mke wangu hupiga kura kwa posta. Wanahakikisha ni wewe, halafu karatasi inatengwa na jina. Hakuna anayejua ulichotia."

Nilirudi kufunga maboksi. Sikumwambia mdogo wangu. Nilijidai namwonea huruma. Kumbe nilikuwa naogopa kwa ajili yangu mwenyewe.

Ombi lilisikilizwa mwaka uliofuata, wakati huku kwetu tumefungiwa ndani kwa corona na helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa. Ilikuwa kwa video: jaji kwenye kisanduku kimoja, mwanetu kwenye kingine na nguo zake za jela, mdogo wangu kwenye cha chini. Jaji alisoma karatasi yake dakika chache. Adhabu inabaki. Kisha kisanduku chake kikazimika.

Jumapili mtoto akapiga simu kutoka jela. Yeye Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza. Alimuuliza mama yake kama ile kura alimtilia jaji hapana, maana humo ndani wote waliwatumia mama zao ujumbe wamkatae.

"Nikasema nilimtilia hapana," mdogo wangu akanisimulia. "Yaya, mutoto akanishukuru. Akasema, basi mama, angalau wewe ulijaribu."

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya bahasha. Yote, pamoja na miezi niliyomficha. Nilingoja anitukane, na ningefurahi kutukanwa. Hakunitukana. Nje helikopta ilipita tena, nikafunga dirisha nimsikie vizuri.

"Wanasema itarudi," akasema. "Hiyo karatasi. Kila baada ya miaka sita."

Nikahesabu. Mwanetu atakuwa bado ndani.

"Ikija nitakusomea," nikasema. "Safari hii utaweka unachotaka wewe."

"Hapana, yaya. Usinisomee. Jina la huyo jaji nimejifunza kulisoma mwenyewe."