Kaske Niliyomnunulia Papa

Kabla ya Noeli ile, nyumba yetu ya mtaa wa Katoyi ilikuwa na ugomvi mmoja tu, na ulikuwa wa redio. Papa alifanya kazi ya ukarani bandarini kwa miaka mingi, na tangu aende pansheni alikuwa anakaa uani kila asubuhi na redio yake ndogo, ameifungulia mpaka mwisho: habari, misa, mpira, matangazo ya vifo. Mama aliuza sambaza sokoni, wale samaki wadogo wa ziwani. Akirudi, koo limekauka kwa kuita wateja, bado alilazimika kupaza sauti kutoka jikoni: "Muzee, punguza!" Papa hakupunguza. Majirani walitutania kwamba wao hawanunui tena betri, redio ya kwetu inawatosha.

Mimi nilikuwa mtoto pekee aliyebaki nyumbani. Nina kibanda cha kuchapa barua na kufanya fotokopi, na mchana kutwa nasikia mashine, kwa hiyo jioni nilitaka kimya kama mama. Niliamini redio ndiyo imezeeka. Nikaamua kumnunulia papa kaske ya kusikilizia redio, ile ya kufunika masikio yote mawili, na iwe nzuri kweli, si zile zinazotandazwa barabarani ambazo baada ya wiki zinasikika upande mmoja. Papa hakuwahi kuwa na kitu kizuri cha kwake peke yake. Saa yake alirithi. Koti lake la misa lilikuwa la kaka yangu aliyehamia Kampala.

Nilikwenda Birere, kwenye maduka, kwa muuzaji mmoja wa Butembo ambaye duka lake ni jembamba kama korido. Sikujua chochote kuhusu kaske, nikamwambia hivyo. Hakunicheka. Alishusha tatu kutoka ukutani, akazipanga juu ya kioo.

"Sikiliza wimbo wenye unajua," alisema. "Wimbo usioujua utakudanganya."

Nilikuwa na kwaya ya parokia yetu kwenye simu. Kaske ya kwanza ilinipiga ngoma kifuani, waimbaji wakazama chini yake. "Hiyo ni ya vijana," akasema. Ya pili haikuwa na waya, ilikuwa nyepesi na ya kupendeza, lakini ilitaka kuchajiwa, na kwetu umeme unakuja ukipenda. Ya tatu ilikuwa nyeusi, haina pambo, ina waya mrefu na mito laini. Nilipoivaa, nilisikia mwimbaji mmoja akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti. Kwaya ile nilikuwa nimeisikia Jumapili ngapi, na pumzi ile sikuwahi kuisikia. Machozi yalinilengalenga pale pale dukani.

"Ni ya nani?" muuzaji aliuliza.

"Ya papa."

"Anasikia vizuri, muzee?"

"Vizuri kabisa. Redio yake ndiyo imekufa."

"Mulete yeye mwenyewe, mama. Ajaribu kama mutu anavyojaribu kiatu."

Nikakataa. Nilitaka iwe zawadi ya kumshtua. Akaifunga vizuri kwenye boksi lake, nami nikapanda pikipiki nimelikumbatia boksi hilo mpaka nyumbani.

Siku ya Noeli, baada ya kula, mimi mwenyewe nilimvalisha papa na kuchomeka waya kwenye redio. Alinitazama usoni muda mrefu. Kisha akafumba macho, akaanza kutikisa kichwa taratibu, akitabasamu. Mama alipiga vigelegele.

"Inasikika namna gani, Papa?"

"Iko muzuri sana," akasema. "Muzuri sana, mutoto wangu."

Tangu siku hiyo hakuivua isipokuwa kulala na kwenda misa. Uani kukawa kimya. Wiki ile ya mabomu, mwanzoni mwa mwaka, vita vilipoingia mjini, mimi na mama tulilala sakafuni, vioo vya jirani vikimwagika, na papa bado alikuwa kwenye kiti chake, kaske kichwani, mpaka mama alipotambaa na kumvuta kwa shati. Baadaye majirani walimsifu: muzee yule ana moyo, hata hakugeuka. Na mimi nilijivuna.

Lakini mama alianza kulalamika. Alikuwa mtu wa maneno. Sokoni aliongea na kila mteja, na jioni alitaka kumsimulia papa siku nzima, nani kamkopa nani, nani kaolewa. Sasa alizisimulia sufuria. "Umemununulia papa yako mulango," aliniambia siku moja akichambua maharage. "Anaingia, anafunga, mimi nabaki inje."

Maneno hayo yaliniuma, nikaenda kwa papa kwa hasira. Nilisimama nyuma yake nikamwambia kwamba anamdharau mama, kwamba zawadi haikuwa ya kumfukuzia watu. Hakujibu. Nikazunguka mbele yake nikiendelea kuongea, kwa haraka, mkono mdomoni kwa sababu nilikuwa karibu kulia. Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Ndiyo, iko muzuri sana."

Sikumsemesha kwa siku tisa. Asubuhi nilikuwa namwekea chai na kuondoka.

Msimu wa mvua ulipoanza, mama aliugua mapafu. Alianza na kikohozi ambacho hakukijali, mwishowe hakuweza kupanda ngazi ya mlango wetu. Hospitalini walimwekea oksijeni, ile ya kufunika pua na kinywa. Siku ya nne asubuhi alinishika kidole akaniambia, sauti ikitoka kwa mbali ndani ya plastiki: "Niitie muzee. Mutuache sisi wawili."

Nikamwita papa. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi ya korido na thermos ya uji. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona papa amevua kaske, ameinama, ameshika mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili, na mama akiongea. Aliongea muda mrefu kuliko nilivyodhani pumzi yake ingeruhusu. Papa alikuwa anaitikia kwa kichwa, tena na tena. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijiambia kwamba hatimaye ule mlango umefunguliwa.

Mama alifariki jioni ile ile.

Wiki tatu baada ya maziko, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka, papa alinifuata jikoni. Hakuwa na kaske. Alikaa kwenye kigoda cha mama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanikazia macho mdomoni.

"Mama yako aliniambia nini?"

Nilidhani ni huzuni inamchanganya. "Papa, ulikuwa peke yako naye. Mimi nilikuwa korido."

"Najua. Nakuuliza kama alikuambia na wewe."

"Hapana. Kwani hukumsikia?"

Akatazama mikono yake. "Siko nasikia, mutoto wangu. Kitu chochote. Imepita miaka mbili."

Akanieleza polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Masikio yalianza kupungua angali kazini. Aliongeza redio, akaongeza, mpaka ikawa ni mtikisiko tu mkononi mwake. Aliona haya. Alikuwa amewaona wazee wasiosikia, jinsi watu wanavyowazungumzia mbele yao kama wanazungumzia kiti. Akajifunza kusoma midomo, na mdomo wa mama aliujua kuliko wote. Kisha mimi nikaleta kaske. "Nilisema Mungu amenisaidia. Mutu mwenye kaske, hakuna anayeshangaa asipojibu."

"Na siku ile nilipokuvalisha?"

"Niliona uso wako. Ningesema nini?"

Nikamwuliza kuhusu hospitali, ingawa nilikwisha kujua. Alijifunika kinywa kwa kiganja, kunionyesha ile plastiki. "Sikuona mudomo. Nilitaka kumwambia aitoe, nikaogopa atakosa pumzi. Nikaitikia. Kila kitu nilikubali. Sijui nilikubali nini."

Kesho yake nilifunga kibanda nikaenda hospitalini. Muuguzi wa zamu ile alimkumbuka mama, lakini wakati ule yeye alikuwa chumba kingine. Alinielekeza kwa mama mmoja wa Rutshuru aliyekuwa kitanda cha jirani, ambaye sasa anakaa kwa binti yake hapa mjini. Nilimkuta anaanika nguo. Alinikaribisha, akanipa pole, akanikalisha.

"Aliongea sana," alisema. "Lakini aliongea kilugha chenu, kile cha Bukavu. Mimi Mashi siijui hata neno. Mahali fulani alicheka. Muzee akaitikia, mama yako akanyamaza, akawa kama mutu aliyetua muzigo."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima nikitunga. Nilipofika nilichukua daftari, kwa kuwa tulishaanza kuandikiana, nikaandika kwamba yule mama alisikia vizuri. Kwamba mama alisema anampenda, anamshukuru kwa miaka yote, na kwamba awaangalie watoto.

Papa alivaa miwani akasoma. Alisoma zaidi ya mara moja, najua kwa sababu macho yake yalirudi juu. Kisha akachukua kalamu ya bic akaandika chini ya maneno yangu, kwa ule mwandiko wake wa karani ulionyooka: *Asante, mutoto wangu. Ila mama yako hakuwa mutu wa kusema vile.*

Nikalia. Nikamwandikia ukweli wote, kuhusu Mashi, na kicheko, na ule mzigo. Kwenye neno kicheko aliweka kidole, akakiacha hapo.

"Alicheka?" aliuliza kwa sauti, kubwa kupita kiasi, kama asemavyo mtu asiyejisikia mwenyewe.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi alikuwa ananigombeza," akasema. "Miaka yote, akimaliza kunigombeza, alicheka."

Mvua ilikuwa imeanza, na nguo zilikuwa bado kwenye kamba. Nilimwacha pale na daftari, nikaenda kuzianua.