Sikio la Mzee Jecha

Wewe unayesoma haya, ni nani aliyekwambia kuwa una akili? Mimi niliambiwa na karatasi. Nilimaliza chuo cha ualimu, nikapewa cheti chenye muhuri, nikakiamini. Mzee Jecha Ame naye aliambiwa na karatasi. Ya kwake ilisema hana ujuzi, naye akaiamini. Hilo ndilo linalonichoma.

Mzee Jecha alizaliwa Jambiani, akaja mjini angali kijana. Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi katika ofisi moja ya mabomba ya maji, ambayo jina lake nalificha. Aliajiriwa kuchimba, lakini wenzake waligundua mapema kwamba mtu huyu hasikii kama wao. Mabomba ya Mji Mkongwe yamepita chini ya vichochoro, mengine chini ya misingi ya nyumba, na ramani zake ama hazipo ama zinasema uongo. Bomba linaweza kuvuja miezi na juu usione hata tone, mpaka siku ukuta wa mawe uliokwisha kunywa maji unapomomoka. Basi Mzee Jecha alikuwa akishika fimbo yake ya mpera, ncha moja anaigusisha chini, nyingine anaitia sikioni, na anafumba macho. Anasogea hatua mbili, anasikiliza tena. Kisha anasema, "Hapa." Wakichimba, wanachimba mara moja tu.

Mwaka 1969 ofisi ikatoa amri: kazi ya fundi ifanywe na mwenye cheo cha fundi, na cheo kipatikane kwa kuhojiwa. Atakayeshindwa atarudi ghalani kubeba mawe na mchanga. Mzee Jecha alikuwa mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima, kule Ng'ambo. Herufi zilimshinda, aliyoisoma leo kesho ilikuwa mpya. Akanijia baada ya darasa, akaniomba nimtayarishe.

Nilimuuliza anajuaje kama bomba linavuja. Akanijibu bila ya kufikiri: "Likiwa zima, maji yanapita kimya, kama mtu mwenye safari yake. Likitoboka kidogo, maji yanafyonya. Likipasuka, yanakoroma."

Nilicheka. Mimi, mwalimu, nilicheka, nikamwambia maji hayana mdomo wala mate ya kufyonyea. Nikamwandalia jibu la kitabuni: "Uvujaji hutambulikana kwa kupungua kwa msukumo wa maji ndani ya bomba." Wiki sita nikamkaririsha sentensi hiyo. Alikuwa akiisema huku akiosha miguu, huku akila, huku akitembea njiani. Mkewe, Bi Sichana, alinionya siku moja nilipokwenda kwao. "Usimbadilishe maneno, mwanangu. Huyu akisemeshwa maneno ya watu husahau hata yake." Nilitabasamu kwa adabu na wala sikumsikiliza. Mwanamke yule alimsoma mumewe vizuri kuliko nilivyomsoma mimi na vitabu vyangu vyote vya malezi.

Siku nyingine Mzee Jecha alinichukua hadi Sokomuhogo, akanitia fimbo sikioni. Sikusikia kitu. Akaniambia nitulie. Nikatulia, nisisikie kitu.

"Basi sikio lako limejaa maneno," akasema akicheka. Halafu, kama aliyejikumbuka, akaongeza: "Lakini wewe una akili, mwalimu. Mie sina akili. Nna masikio tu."

Sikumbishia. Wakati ule nilikuwa nakubaliana naye.

Siku ya kuhojiwa niliruhusiwa kukaa karibu na mlango. Nyuma ya meza walikaa watu watatu, mkubwa wao Ndugu Masoud, kijana aliyenitangulia madarasa mawili skuli. Wakamuuliza Mzee Jecha swali lile lile nililomuuliza mimi. Akasimama wima kama mtoto wa darasa la kwanza. "Uvujaji hutambulikana kwa," akasema, akakwama. Akaanza tena, akakwama pale pale. Mara ya tatu jasho likamtiririka mpaka kwenye kola.

"Sema basi kwa maneno yako," akasema Ndugu Masoud.

Mzee Jecha akageuka kunitazama. Alikuwa akiniomba ruhusa. Mtu wa miaka hamsini anamwomba ruhusa kijana wa miaka ishirini na nne aseme jambo alilolijua kabla kijana huyo hajazaliwa! Nikamwitikia kwa kichwa.

"Maji yanafyonya," akasema.

Wakatazamana. Mmoja akauliza, "Yanamfyonya nani, mzee? Mkeo?"

"Hayamfyonyi mtu, bwana. Yanafyonya tu. Yamebanwa, yameudhika."

Walicheka mpaka Ndugu Masoud akafuta machozi kwa leso. Kisha akaandika, na kutoka nilipokaa niliona kalamu yake haikuchukua hata dakika. Hana ujuzi.

Nilisimama. Nilisema kwamba maneno yaliyomharibia mzee ni yangu, si yake, na kwamba kama wanataka kumpima wamtoe nje wampe fimbo yake, wakamtahini barabarani. Ndugu Masoud akanijibu kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi. "Mwalimu, hapa ni ofisini, si kwa mganga. Tunapima elimu."

Nikamuuliza elimu ya nani. Tunaimba kila siku kwamba nchi hii sasa ni ya wakulima na wafanyakazi. Mfanyakazi mwenyewe huyo amesimama mbele yao, na wao wanamcheka. Nikaamriwa nitoke.

Nasema wazi: tumewaondoa wakubwa wa kikoloni, na kipimo chao tumekiacha pale pale mezani. Kipimo hicho kinajua jambo moja tu, mtu anaweza kutamka nini kwa maneno ya kitabu. Hakijui sikio. Hakijui akili ya Bi Sichana, anayemwona mtu mara moja na kujua atajikwaa wapi. Mimi kipaji changu ni maneno. Nikisoma ukurasa mara mbili umebaki kichwani. Sikidharau. Dhambi yangu ni kudhani kwamba hicho ndicho akili yote, nikakimimina katika kichwa cha mtu aliyekuwa na chake.

Tulirudi kwa miguu. Njia nzima yeye ndiye aliyenituliza. "Usiumie, mwalimu. Wale wamesoma. Wakisema sina ujuzi, basi sina." Nilitamani angalau atukane.

Asubuhi ya pili yake nilikuwa napita Kiponda nakwenda skuli. Kichochoro kilikuwa kimejaa udongo. Fundi mpya, Hamad, alishika ramani, na wachimbaji wanne walikuwa wamekwisha kuchimba mashimo matatu, yote makavu. Bi Mwanakheir, mwenye nyumba ya jirani, alikuwa akitoa mikeka nje kwa sababu ukuta wake ulikuwa ukitoka maji. Mzee Jecha akatokea anasukuma toroli la mchanga wa ghala. Hakuna aliyemwita. Akaliweka toroli chini, akalala kifudifudi kwenye matope, sikio chini, akakaa hivyo kitambo. Akainuka, akawaonesha kwa mguu mahali karibu na ngazi ya mlango, akashika toroli lake akaenda zake. Wachimbaji hawakungoja amri ya Hamad. Walipofika kina cha kiwiko, maji yakaruka.

Ndugu Masoud alifika kwa Vespa, akawapa mikono wote. Nilikuwa nimesimama nyuma yake alipofungua daftari lake na kuandika: "Bomba la Kiponda limegunduliwa na fundi Hamad." Nikamwambia si kweli. Akamtazama Hamad. Hamad akaikunja ramani yake mara nne, polepole, na Ndugu Masoud akafunga daftari bila ya kufuta neno.